Rangi ya Odhiambo

Ajwang ninayemsema si yule muuza dagaa wa omena pale sokoni. Ni mwingine, mrefu, mwembamba, wa ile ploti ya geti la kijani hapa Makongeni, Thika, ambaye mkipishana asubuhi huangalia kwanza nguo yako ndipo akuangalie uso. Usidhani ni madharau. Huyo mama alikaa miaka ishirini na tatu katika chumba cha kuchanganya rangi cha kiwanda cha nguo, na macho yake hayajastaafu. Mpelekee sweta ya shule iliyopauka, atakuambia ilipokuwa mpya ilikuwa buluu gani, na atakusema kwa kuianika juani.

Kiwanda chenyewe kilifungwa zamani, siku hizi ni godauni. Mume wake Odhiambo, aliyekuwa mtu wa boila humo humo kiwandani, alifariki miaka tisa iliyopita. Walimzika kwao Ugenya, na matanga yalipokwisha Ajwang akarudi Thika peke yake. Watu walimuuliza anarudi kwa nani. Kaburi liko kule, ni kweli, lakini kinyozi wa Odhiambo yuko huku, benchi lake la kanisani liko huku, na ile njia waliyopita pamoja wakitoka kazini bado iko, ingawa imejaa vibanda. Ajwang huipita kila jioni hata kama hana shughuli.

Shida yake ilikuwa picha. Unajua watu wetu kwenye matanga: albamu ilipitishwa mkono kwa mkono, kila shangazi na kila binamu akachomoa moja ya ukumbusho, nitairudisha nikishatoa kopi. Hakuna iliyorudi mpaka leo. Ikabaki moja tu, ile iliyotengenezwa na jamaa wa studio kwa ajili ya programu ya mazishi. Na hiyo nayo, jamani! Jamaa alikata kichwa cha Odhiambo kutoka kwenye picha ya wafanyakazi, akakipachika juu ya suti ya mtu mwingine, mabega mapana kama ya mheshimiwa, tai nyekundu. Halafu akaung'arisha uso mpaka ukawa rangi ya chai ya maziwa.

Odhiambo hakuwahi kumiliki suti. Na alikuwa mweusi ti, mweusi wa kupendeza, ambaye akitoka boila na jasho lake jua likimpiga kwenye paji la uso, unaona kama kuna buluu ndani. Mwenyewe alijivunia. Akijipaka mafuta asubuhi alizoea kusema, "Wengine Mungu aliwapaka koti moja ya rangi akaona inatosha. Mimi akanirudia mara ya pili." Ajwang alikuwa amelisikia hilo neno mara elfu na mara elfu alilicheka, maana alimpenda huyo mtu, na rangi hiyo ndiyo iliyomfanya ageuke kumtazama siku ya kwanza.

Ile picha ya suti ilitundikwa sebuleni kwa binti yao Maxine, kule Membley, Ruiru, na Ajwang huenda huko kila Jumapili baada ya kanisa. Mwaka huu familia ikakaa ikaamua: Desemba ni ukumbusho wa miaka kumi, kaburi lijengewe vizuri, na juu yake iwekwe taili yenye picha ya marehemu, ile inayochomwa kwa moto, isiyofutika kwa mvua wala kwa jua. Picha ipi? Ile ile ya ukutani, ipi tena. Kila mtu akakubali, Ajwang naye akanyamaza, kwa sababu hakuwa na nyingine ya kutoa.

Angenyamaza hivyo hivyo mpaka Desemba kama si mjukuu wake Shiko, mtoto wa miaka minane ambaye hakumkuta babu yake. Jumapili moja mtoto alikuwa anakula wali, akainua macho ukutani, akamwuliza nyanya yake, "Dani, kwani guka alikuwa mweupe kuliko wewe?"

Ajwang akafungua mdomo amweleze babu yake alikuwaje. Akajaribu kumwona kwanza yeye mwenyewe, ndani ya kichwa, kama alivyozoea. Kikaja kile kijuso cha chai ya maziwa. Akajaribu tena, akakuta ni hicho hicho. Miaka tisa ya kuiangalia ile picha kila Jumapili ilikuwa imemwondoa mume wake kidogo kidogo bila yeye kujua, na sasa alipomhitaji hakuwepo. Aliogopa, nakwambia. Aliweka kijiko chini akasema ameshiba.

Siku hiyo wakati wa kuondoka aliona kwenye rafu kasha la rangi za maji alizotumia Shiko shuleni mwaka uliopita, limebaki nusu, linangoja kutupwa. Akaliomba. "La nini, Mama?" Maxine akauliza. "La kuchezea," akajibu.

Hakuwa amechora picha tangu darasa la saba, wakati mwalimu mmoja alipochukua kuku aliyemchora akambandika ofisini. Ajwang alimlilia yule kuku, maana alitaka kumpeleka nyumbani. Halafu ikaja ndoa, ikaja kiwanda, na huko alichanganya rangi za maua ya watu wengine, na yeye mwenyewe hakuchora ua hata moja. Kwa hiyo jioni ya kwanza, karatasi yake ikiwa nyuma ya kalenda ya zamani, alichora papai lililokuwa mezani, na papai likatoka kama kiatu. Akacheka peke yake. Ya pili ikatoka papai.

Basi akanogewa. Hakuna mtu wa kuficha raha ya aina hiyo, inaonekana hata kwa kutembea. Alijaribu kulowesha karatasi kwanza ndipo aweke rangi, akaona inakimbia pembeni inajifanya mawingu. Akanyunyizia chumvi juu ya rangi mbichi, na ilipokauka ikaacha vinyota vidogo vidogo. Alichota udongo mwekundu nyuma ya ploti, akauchekecha kwa soksi ndefu, akauchanganya na kiini cha yai, akapata nyekundu isiyouzwa duka lolote. Kahawa nayo aliijaribu, ikampa kivuli kizuri cha chini ya mti. Majirani wakaanza kusema mama wa nambari sita anapika mchuzi wa kuchorea, na walisema kweli.

Lakini yeye alijua anachokitafuta. Papai na mawingu yalikuwa ya kuzoeza mkono. Alitaka kumchora Odhiambo, na rangi yake ile, ipelekwe Ugenya ikakae juu yake badala ya yule mgeni wa suti. Akampigia Maxine simu.

"Yule fundi wa taili anataka picha lini?"

"Mwisho wa mwezi. Si tayari ninayo kwa simu?"

"Usimpelekee. Ile si baba yako."

Maxine akasema, "Mama, tafadhali usianze hayo."

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

Akachora. Alimweka Odhiambo kwenye lile benchi nje ya boila, mikono mfukoni, ovaroli ya buluu, kofia imerudishwa nyuma. Ovaroli haikumsumbua, ile buluu aliijua kwa jina. Masikio yakaja, makubwa vile vile. Mdomo ukaja, na lile pengo la jino la juu. Kila kitu kikaja isipokuwa rangi ya ngozi. Alichanganya kahawia na masizi ya sufuria, uso ukawa majivu. Akaongeza udongo, uso ukawa tofali. Akaongeza masizi, ukawa shimo, hauna macho wala mtu. Karatasi saba ziliharibika. Kila moja aliiinua, akaiangalia, akamwambia, "Si wewe," akaigeuza uso chini kitandani, na mwisho wake kitanda kilikuwa kimejaa watu asiowajua.

Ndipo akaja Mutheu, Mkamba wa ploti ya pili. Hawa wawili walifanya kazi meza moja miaka yote ile, na Mutheu ni mtu ambaye ulimi wake hauna breki. Aliziona zile karatasi, akazigeuza moja moja.

"Huyu nani? Mume wako ama mhindi wa hadiwea?"

"Nenda huko."

"Sitaki. Mama Maxine, hii rangi unaichanganyia wapi?"

"Si hapa."

"Hapa chini ya balbu?" Mutheu akainua uso akaitazama ile taa, kisha akamtazama mwenzake. "Hata wewe? Si ni wewe ulikuwa unatufukuza pale chini ya taa kama kuku? Nani aliwahi kupima rangi na balbu?"

Mutheu akaendelea, hana huruma. "Na ukiweka unaiangalia ikiwa imekauka, ama ikiwa mbichi?"

"Mbichi," Ajwang akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na nyeusi unaianza na nini?"

"Masizi."

"Masizi! Nyeusi huanzia wapi, mama?"

"Huanzia buluu," Ajwang akasema, akakaa chini kwenye kiti.

Aibu ilimshika mpaka shingoni. Mambo hayo ndiyo aliyokuwa akiwafundisha wasichana wapya siku ya kwanza, kabla hawajaambiwa choo kiko wapi. Rangi haipimwi chini ya taa, inapelekwa dirishani. Rangi mbichi inadanganya, kwa hiyo kipande kinapigwa pasi kikauke ndipo kihukumiwe. Nyeusi yenye uhai haitoki kwenye mkebe wa nyeusi, inajengwa juu ya buluu na nyekundu, polepole. Na la mwisho, ambalo ndilo lililomaliza ubishi wote: unachukua tone la rangi yako unaliweka juu ya kitambaa chenyewe cha mteja. Likionekana, hujafika, rudi ukaanze. Likipotea, umefika. Aliyasahau yote kwa haraka ya kutamani. Alitaka kumwona huyo mtu, basi, na mwenye njaa haangalii sufuria kama imeoshwa.

"Haya, hayo matatu nitarekebisha," akasema baadaye, Mutheu akiwa amekunywa chai. "La nne ndilo litanishinda. Kitambaa cha mteja nitakitoa wapi?"

Mutheu akafikiri. Hakuwa na mzaha tena. "Kiko Ugenya," akasema.

"Kiko Ugenya, chini."



Wiki zilizobaki Ajwang alifanya kazi kwa adabu ya zamani. Alikaa mlangoni saa nne za asubuhi, mwanga ukiwa mweupe. Alianza na buluu, akaweka nyekundu kidogo, akaweka manjano chembe, akapiga pasi, akangoja. Alipata nyeusi nzuri, tena nyingi, nyeusi sita ambazo kila moja ingeweza kuwa mtu. Lakini yupi kati yao alikuwa Odhiambo? Alizipanga mlangoni akazitazama mpaka macho yakamwuma, na kila alipofumba macho amuulize mwenyewe, ikaja chai ya maziwa. Usiku alilia. Alimwambia Mungu hataki mengi, anataka kumwona mara moja tu, hata kwa mgongo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ikafika. Aliiweka picha katikati ya vipande viwili vya katoni, akatia zile rangi zake kwenye vikopo vya dawa, akaenda Membley. Uso aliuacha karatasi tupu, mistari tu ya masikio na ya mdomo wenye pengo. Aliona afadhali mtu asiye na rangi kuliko mtu mwenye rangi ya kubahatisha.

Mkwe wake Njau alikuwa nje anaosha gari. "Karibu mathe, uko poa?" akamsalimia, akampokea mzigo bila kuuliza. Maxine alikuwa jikoni na vyombo vya chakula cha mchana.

Sasa hapa niseme jambo. Maxine alizaliwa na rangi ya baba yake yote, koti zote mbili, hata wauguzi wa Thika walicheka wakasema huyu baba yake hafichiki. Siku hizi hana. Alianza krimu za kujichubua akiwa chuoni, akaendelea nazo alipopata kazi ya mapokezi kwenye hoteli, na uso wake sasa unakaribia sana ule wa ukutani. Makongeni tunayaona haya mambo na tunayanyamazia, maana nani asiye na lake. Mama yake pia hakuwahi kusema neno. Alikuwa akimwangalia tu, kama anavyoangalia sweta iliyoanikwa juani, halafu anaangalia pembeni.

Ajwang aliiegemeza picha kwenye dirisha la jikoni, juu ya sinki. Maxine akaitazama muda mrefu, povu likidondoka mikononi. Aliiona ile ovaroli. Aliyaona yale masikio.

"Hilo pengo," akasema. "Nilikuwa nimesahau alikuwa na pengo."

"Studio walimjazia jino."

"Mbona uso hukumaliza?"

"Rangi ninazo. Sina cha kulinganishia," Ajwang akasema. "Nimemsahau, Maxine. Nimekaa na huyo mtu miaka ishirini na nane na nimemsahau. Ningemjua kwa kikohozi, lakini rangi imetoka."

Alisema hivyo bila kulia, na labda ndiyo maana Maxine akaegemea sinki.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Yule wa studio hakujifanyia. Alinitumia picha, nikamwambia amng'arishe. Nikamwambia aongeze. Nikamwambia tena aongeze. Watu wa kazini walikuwa wanakuja mazishini na mimi sikutaka..." Hakumaliza. Kisha akamaliza. "Siku ile alikuja kunitembelea shule, wasichana waliniuliza huyo mzee wa makaa ni nani, nikasema ni mtu ametumwa na baba. Alinisikia. Hakuwahi kunitajia, Mama, mpaka akafa."

Ajwang alijua. Odhiambo alimwambia usiku ule ule, akasema mtoto ni mtoto, na akamkataza kumpiga. Lakini hilo hakulitoa wakati huo. Aliona tu Maxine amekunja ngumi yenye povu ameibana kwenye paji la uso, analia kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka mitano, na jua la saa nane likiingia dirishani likaipiga ile ngumi.

Kila mwanamke anayejua krimu anajua hili. Uso utakubali, shingo itakubali, mikono itakubali. Mafundo ya vidole hayakubali. Yalikuwa pale manne, meusi, na kwenye mfupa uliovutika jua lilikuwa linaonyesha buluu kidogo kwa ndani.

"Nipe mkono," Ajwang akasema.

Maxine alidhani anataka kumshika tu. Mama yake akaufuta ule mkono kwa leso, akauvuta dirishani, akaukunja tena uwe ngumi. Akafungua vikopo. Hakueleza. Mkono wake ulikuwa ule wa kazini. Aliweka tone la rangi ya kwanza juu ya fundo la kidole cha mwisho, akalipuliza mpaka likakauka. Likaonekana, lina wekundu. Aliongeza buluu kwenye kopo, akaweka tone kwenye fundo la pili, akapuliza. Likaonekana kwa mbali, kama kivuli cha inzi. Aliongeza manjano kwa ncha ya brashi, akaweka la tatu, akapuliza, akangoja. Maxine alikuwa ameacha kulia kwa mshangao. Nje Njau alifunga maji ya mpira, nyumba ikatulia.

Ajwang akausogeza ule mkono kwenye mwanga, akaugeuza huku, akaugeuza kule. Kisha akamwachia mwenyewe.

"Liko wapi lile la tatu?" akauliza.

Maxine akautazama mkono wake. Akausogeza karibu na macho. Akapitisha kidole cha mkono mwingine juu ya fundo, akitafuta ukingo wa rangi.

"Silioni," akasema.

"Angalia vizuri."

"Mama, silioni. Halipo."

"Lipo," Ajwang akasema, na hapo ndipo yeye sasa akalia, kwa sauti, akiwa amesimama na brashi mkononi, kwa sababu alikuwa amemwona. Odhiambo alitoka boila, kofia nyuma, akamtazama, akacheka na pengo lake.

Walimpaka Odhiambo uso pale pale kwenye dirisha la jikoni, koti ya kwanza, wakangoja ikauke, kisha ya pili. Maxine hakutoka. Kila mama yake alipotilia shaka kidogo, alinyoosha ngumi yake kwenye mwanga bila kuambiwa. Ilipokwisha alichukua simu akaipiga picha ile karatasi, akamtumia fundi wa taili, na chini yake akaandika asiguse kitu, asing'arishe popote.

Alikataa pia kutia mkono ule wenye tone kwenye maji. Siku hiyo vyombo viliishia kuoshwa na Njau.